Kodiani Iliyopoteza Sauti: Matengenezo Yanayowezekana Nyumbani

Kodiani hupigwa kwa vidole, lakini ni ala ya upepo. Vibonye vya mkono wa kulia na vitufe vya mkono wa kushoto havigongi kitu chochote kinacholia; kazi yake ni kufungua na kufunga matundu. Kinacholia ni ulimi mwembamba wa chuma, uliofungwa kwa ribiti upande mmoja juu ya bamba la alumini, na kinachouamsha ni hewa inayosukumwa au kuvutwa na mvukuto ulio katikati ya ala. Ndiyo maana kodiani inapokataa kulia, cha kutafutwa kwanza ni njia ya hewa: inapita wapi, inavujia wapi, imezibwa na nini. Kasoro nyingi zinazofanya ala iwekwe juu ya kabati na kusahaulika miaka na miaka ni za namna hiyo, na sehemu kubwa yake hutengenezeka nyumbani, mezani, kwa bisibisi, koleo, kisu kikali na subira.

Pwani ya Afrika Mashariki kodiani imo katika taarabu kwa vizazi. Zanzibar, katika vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, hukaa safu moja na kanuni, udi, nai na fidla. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi huifundisha pamoja na ala hizo. Bara, katika Kenya ya Kati, ndiyo inayoongoza ngoma ya mwomboko, ikisindikizwa na pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Ala yenyewe ilizaliwa mbali. Cyrill Demian aliipatia hataza mjini Vienna mwaka 1829, na baadaye viwanda vya kodiani vikashamiri Castelfidardo nchini Italia na katika miji ya Trossingen na Klingenthal nchini Ujerumani. Mbao, ngozi, kadibodi, nta na gundi vinavyoiunda vilichaguliwa na watu wa nchi zenye baridi. Joto, unyevu na hewa ya chumvi ya pwani ni mambo mengine kabisa, na maradhi mengi yatakayoelezwa hapa yana asili yake humo.

Yaliyomo ndani

Kila bamba lina nyufa mbili na ndimi mbili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Ulimi mmoja hulia mvukuto unapobanwa, mwingine unapofunguliwa. Katika kodiani yenye vibonye kama vya piano, ndimi hizo mbili hutoa sauti ileile. Katika kodiani ndogo za kidiatoni hutoa sauti mbili tofauti, moja ya kubana na nyingine ya kuvuta, na mwenye kuitengeneza hana budi kulijua hilo kabla ya kudhani kuwa kitu kimeharibika. Mkabala wa karibu kila ulimi, upande wa pili wa ufa wake, kuna kipande chembamba cha ngozi kilichogandishwa ncha moja tu. Kingozi hicho ni mlango: hujifunga hewa inapokuja kwa upande usiotakiwa, ili isipotee bure kupitia ulimi uliolala.

Mabamba hupangwa na kugandishwa kwa nta juu ya masanduku marefu ya mbao yenye vyumba vidogo ndani. Kila chumba kina tundu chini, na juu ya tundu hilo, upande wa nje, hukaa kifuniko kinachoinuliwa na kibonye. Kati ya tundu na kifuniko hupita vipande vyembamba vinavyosogezwa na swichi zilizo juu ya vibonye, kufungua au kufunga safu nzima ya ndimi. Kodiani kubwa ya kawaida ina vibonye 41 na vitufe 120 vya besi. Ikiwa na safu nne upande wa kulia, huo ni mkusanyiko wa mabamba 164 na ndimi 328, kabla ya kuhesabu za besi.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Kazi yote ya baadaye hutegemea uchunguzi unaofanywa ala ikiwa bado imefungwa, na hapa ndipo haraka huleta hasara kubwa zaidi. Jaribio la kwanza ni la mvukuto. Mikanda midogo inayoufunga hufunguliwa, ala hushikwa upande wa vibonye ikiwa imeinuliwa, na upande wa besi huachwa uning'inie bila kubonyeza chochote. Mvukuto mzima hufunguka polepole mno, kwa kusitasita. Ukishuka haraka kwa uzito wake, hewa inavuja mahali, na mlio wa pumzi mara nyingi hueleza ni wapi: kwenye kona za mvukuto, kwenye maungio ya fremu, au chini ya kifuniko kisichokaa sawa.

Baada ya hapo kila kibonye hupigwa peke yake, mara moja kwa kubana na mara moja kwa kuvuta, swichi moja baada ya nyingine, na matokeo huandikwa kwenye karatasi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kifaa chochote mezani. Sauti ikikosekana upande mmoja tu, kwa kubana au kwa kuvuta, kosa liko kwenye ulimi mmoja au kingozi chake. Ikikosekana pande zote mbili katika swichi moja tu, huenda bamba limelegea au tundu la chumba chake halikufunguka vizuri. Ikikosekana katika swichi zote, tatizo haliko kwenye ndimi kabisa. Liko kwenye kibonye, wenzo wake au kifuniko. Safu nzima ikinyamaza kwa mpigo, swichi haijasogeza kipande chake hadi mwisho. Na sauti inayolia bila kubonyezwa humaanisha kifuniko kimeinuka au kimedondoka.

Namna ya mlio nayo husema. Mtetemo wa kukwaruza hutokana na uchafu kati ya ulimi na ukingo wa ufa, au na bamba lililoachana na nta. Mlio unaotanguliwa na kishindo kidogo, kama kofi, ni wa kingozi kilichojikunja: hewa hukipiga kikarudi mahali pake kwa nguvu. Sauti inayochelewa kuanza, au inayolia ikipulizwa taratibu na kukata ikisukumwa kwa nguvu, hudokeza kuwa ulimi hauko kwenye kimo chake juu ya bamba.

Jambo moja zaidi la kusikilizwa kabla ya kuhukumu. Si kila sauti isiyolingana na piano ni mbovu. Safu mbili za kati katika kodiani nyingi hulinganishwa kwa makusudi zipishane kidogo ili sauti itetemeke, na mtetemo huo ndio uhai wa ala. Nchini Misri, wapigaji wamekuwa wakibadilisha ndimi kadhaa ili kupata robo toni za maqamu ya Kiarabu ambazo kodiani ya kiwandani haina. Ala iliyopita mikono ya wanamuziki wa aina hiyo ikaja "kurekebishwa" na mtu asiyejua hupoteza kitu ambacho fundi wake wa kwanza alikitolea jasho.

Kufungua

Mvukuto hushikwa na fremu za pande mbili kwa pini ndogo za chuma zilizozunguka ukingo. Pini hizo huvutwa kwa koleo lililofungwa kitambaa, kwa kuzungusha kidogo huku zikitolewa, zisikwaruze rangi. Kila pini imezoea tundu lake kwa miaka, hivyo hazichanganywi: kipande cha kadibodi huchorwa umbo la ala na kila pini huchomekwa mahali inapotoka. Upande wa mvukuto hutiwa alama ya penseli ili urudi kama ulivyokuwa, maana ukigeuzwa hautakaa tena bila kuvuja. Picha za simu katika kila hatua ni msaada mkubwa.

Upande wa kulia ukifunguka, masanduku ya ndimi huonekana yamesimama safu kwa safu, yameshikwa kwa skrubu au vikamata vya chuma. Hutolewa moja moja na kulazwa juu ya kitambaa safi. Ndimi za besi nazo hufikiwa kwa njia hiyohiyo kutoka ndani ya mvukuto, bila kugusa mtambo wa vitufe. Mtambo huo ni msitu wa vijiti na wenzo zinazotegemeana, kila kimoja kikiwa na nafasi yake, na kuurudisha baada ya kuutawanya ni kazi inayowatoa jasho hata mafundi wa miaka mingi. Nyumbani huachwa kama ulivyo, labda kwa kupulizwa vumbi tu.

Ulimi usiolia

Kwa ulimi ulionyamaza, tuhuma ya kwanza ni uchafu. Nafasi kati ya ulimi na kingo za ufa ni ya sehemu chache za mia za milimita; chembe moja ya vumbi, unywele au unga wa kutu hutosha kuufunga. Ulimi wa upande wa nje husafishwa kwa kupitisha chini yake ukanda mwembamba sana wa karatasi ngumu au wa shaba, kutoka ncha kuelekea kwenye ribiti, bila kuinua zaidi ya inavyohitajika. Brashi laini humalizia. Ulimi wa upande wa ndani, unaotazama chumba, haufikiki kwa urahisi. Mara nyingine kindoano chembamba kilichopitishwa kwenye ufa hutosha kuutikisa chembe idondoke, la sivyo bamba zima hutolewa.

Kinachofuata ni kimo. Ulimi uliotulia haulali sawasawa na bamba. Ncha yake husimama juu kidogo, takriban kwa unene wa ncha yenyewe. Ukikaa chini mno, hewa yenye nguvu huufunga papo hapo na sauti hukatika. Ukikaa juu mno, hula hewa nyingi na kuchelewa kuamka. Marekebisho hufanywa kwa kuushika taratibu na kuupinda kwa nywele tu, kisha kuujaribu kwa kupuliza au kuvuta hewa kwa mdomo kwenye tundu la sanduku. Pumzi ya mtu ina unyevu, kwa hiyo jaribio hilo huwa fupi na ulimi hufutwa baada yake.

Kutu ni adui wa pwani. Ulimi wenye kutu nyepesi husuguliwa kwa kipande cha nyuzi laini za kioo au kikwangulio kidogo, huku karatasi ngumu ikiwa imewekwa chini yake kuukinga usibonyee. Kila kinachoondolewa hubadilisha sauti, na sheria yake ni hii: ulimi ni kama rula iliyobanwa ukingoni mwa meza, ambapo ncha nyepesi hutetema haraka na shina jembamba hutetema polepole. Kuondoa chuma kwenye ncha hupandisha sauti. Kuondoa karibu na ribiti huishusha. Ndimi nzito za besi huwa na donge la risasi au la shaba lililogandishwa kwenye ncha ili zitetemeke polepole, na donge hilo likidondoka sauti huruka juu ghafla. Wengi hudhani ulimi umevunjika, kumbe kipande kidogo kimelala chini ya mvukuto kikisubiri kurudishwa.

Ulimi ukivunjika kweli, mara nyingi hukatika karibu na ribiti, mahali unapojikunja mara nyingi zaidi. Hapo kulehemu hakusaidii. Moto huondoa ukakamavu wa chuma, na risasi ya kulehemia huongeza uzito mahali pasipotakiwa. Sauti itakayotoka, ikitoka, haitadumu usiku mmoja wa harusi. Kinachohitajika ni ulimi mwingine au bamba lingine la kipimo kilekile. Kwa sababu hiyo kodiani iliyoharibika kabisa haitupwi. Ala moja mbovu yenye ndimi nzima ni hazina kwa ala tatu au nne zinazopigwa, na kikundi cha taarabu kinachohifadhi mabaki yake kwenye sanduku kavu hujiepusha na kuagiza vipuri kutoka Ulaya kwa ajili ya sauti moja. Bamba la akiba huchaguliwa kwa urefu na upana wake, si kwa jina la sauti tu, kwa sababu ni lazima lilingane na nafasi iliyoachwa kwenye sanduku. Likitofautiana kidogo kwa sauti, hurekebishwa kwa kukwangua. Likitofautiana kwa toni nzima, afadhali litafutwe jingine kuliko kuudhoofisha ulimi kwa tupa.

Programu za simu za kulinganisha sauti zimerahisisha sana kazi hii. Hupima sauti kwa senti, ambazo 100 hufanya nusu toni moja, na huwekwa kwenye msingi wa A ya hezi 440, au 442 kwa ala nyingi za Ulaya. Ala nyingine zinazopigwa pamoja ndizo zinazoamua msingi upi. Lakini kipimo cha mezani hakitoshi. Ulimi ukirudishwa ndani ya ala, chini ya kifuniko na kifaa cha swichi, sauti yake husogea kidogo, hivyo kipimo cha mwisho huchukuliwa ala ikiwa imefungwa, na mara nyingi hufunguliwa tena ili kurekebisha kilichobaki. Mtu anayejua kuirekebisha sauti moja iliyopotoka amefanya kazi ya nyumbani. Kulinganisha kodiani nzima ni ufundi mwingine, unaochukua siku nyingi na sikio lililofunzwa, na ala iliyoharibiwa na jaribio la namna hiyo ni ngumu kuponya kuliko iliyoachwa ipotoke.

Ngozi na nta

Vingozi hujikunja kwa ukavu, kwa joto, au kwa ala kuhifadhiwa vibaya. Kilichojikunja kidogo hunyooshwa kwa kusuguliwa taratibu kati ya kidole na kipande cha chuma laini. Kilichokakamaa hubadilishwa. Ngozi inayofaa ni nyembamba, laini na yenye nyuzi zilizoshikana, kama ile ya glavu nzuri za kondoo. Ngozi ya mkoba au ya kiatu, hata ikikwanguliwa, ni nzito na haifungi. Kingozi kipya hukatwa kwa kipimo cha kile cha zamani, upande wa ngozi unaogusa bamba hufuatishwa jirani zake, na gundi hutiwa tone dogo kwenye ncha ya karibu na ribiti peke yake. Sehemu iliyobaki lazima iwe huru kuinuka. Kwenye ndimi kubwa huongezwa juu yake ukanda mwembamba wa plastiki au wa chuma wa kukirudisha haraka mahali pake. Ndimi ndogo kabisa za sauti za juu kwa kawaida hazina vingozi, na kuziongezea ni kosa.

Nta ndiyo inayoshika mabamba, na juu ya jambo hili msimamo unapaswa kuwa mkali: nta haibadilishwi kwa gundi ya dukani. Bamba lililobandikwa kwa gundi ya papo hapo au kwa mpira wa kuzibia mabomba halitatoka tena bila kuvunja mbao, na ndimi zake hazitaweza kusafishwa wala kubadilishwa. Zaidi ya hayo, aina nyingi za mpira huo hutoa mvuke wa asidi unapokauka, na mvuke huo hula chuma cha ndimi zilizo jirani. Kodiani imedumu karibu miaka 200 kwa sababu kila sehemu yake hutoka na kurudi. Mtengenezaji wa nyumbani anayeiziba kwa gundi ngumu humfungia mlango fundi atakayekuja baada yake, na huenda fundi huyo akawa yeye mwenyewe baada ya miaka mitano.

Nta yenyewe ni mchanganyiko wa nta ya nyuki na sehemu ndogo ya utomvu mkavu wa msonobari, ule ambao wapiga fidla hupaka kwenye upinde. Utomvu huipa ugumu na mshiko. Nta ya nyuki haina shida kupatikana Tanzania. Tabora pekee ina sifa ya asali na nta tangu zamani. Mishumaa ya dukani haifai, kwa kuwa kwa kawaida ni nta ya parafini itokanayo na mafuta ghafi, nayo hupasuka na kuachana na chuma. Mchanganyiko huyeyushwa kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya jiko, maana nta iliyozidishiwa moto huwaka. Nta ya zamani iliyokuwa kavu na yenye nyufa hukwanguliwa yote, mbao husafishwa, bamba hupangwa mahali pake na nta ya moto humiminwa kwa kijiko kidogo kilichokunjwa mdomo, ipite kingo zote nne bila kuacha pengo wala kumwagika juu ya ndimi. Pengo dogo lisiloonekana kwa macho hutosha kulifanya bamba likwaruze.

Kufahamu kiwango cha kuyeyuka cha nta kunaeleza maafa mengi. Nta ya nyuki huyeyuka kwa takriban nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulainika kabla ya hapo. Ndani ya gari lililofungwa juani mchana joto hufika karibu na kiwango hicho. Kodiani iliyoachwa humo wakati watu wanakula huweza kufunguliwa jioni mabamba yakiwa yameteleza safu nzima, na kazi ya kuyapanga upya ni ya wiki, si ya saa.

Vibonye na vifuniko

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Kibonye kinachokwama mara nyingi kimezuiwa na kitu kilichodondoka chini yake, na mbao iliyovimba kwa unyevu husuguana na jirani. Mafuta hayatumiki: huvuta vumbi, huingia kwenye mbao na hatimaye hufika kwenye vifuniko. Kwa kawaida vibonye vyote hupita kwenye ufito mmoja mrefu wa chuma. Ufito huo huvutwa taratibu, vibonye vikipangwa kwa namba, kutu husuguliwa kwa msasa laini na vyote hurudishwa vikiwa vikavu. Springi iliyokatika hubadilishwa kwa waya wa springi wa unene uleule, maana springi ngumu kuliko nyingine huchosha kidole.

Vifuniko vina felti na ngozi chini yake, na mende na nondo huipenda felti. Ufungaji wake hupimwa kwa ukanda wa karatasi nyembamba: huwekwa chini ya kifuniko kilichofungwa na kuvutwa, upande mmoja baada ya mwingine, na mahali unapotoka bila kizuizi ndipo hewa inapovujia. Wenzo wa kifuniko hicho hupindwa kidogo sana mpaka karatasi ishikwe sawa pande zote. Felti iliyoliwa hubandikwa mpya ya unene wa ile ya zamani, la sivyo kibonye hicho kitakaa juu au chini ya wenzake na kumtatiza mpigaji katika mapigo ya haraka.

Mvukuto

Mvukuto ni kadibodi iliyokunjwa, iliyovishwa kitambaa, yenye ngozi kwenye kona za ndani na vikofia vya chuma kwenye kona za nje. Matundu yake hupatikana kwa njia ya zamani na ya uhakika: katika chumba chenye giza, balbu ndogo isiyopata moto huwekwa ndani, mvukuto hufunguliwa, na kila mahali panapovuja mwanga huonekana. Tundu hutiwa alama kwa chaki. Kiraka hubandikwa kwa ndani, cha ngozi nyembamba iliyopunguzwa unene kingoni, kwa gundi nyeupe ya seremala inayobaki na ulaini. Utepe wa nailoni wa kuzungushia mizigo ndio unaotumika zaidi mitaani na ndio mbaya zaidi. Huachia kwa joto, huacha utando wa gundi unaonasa vumbi, na huzuia kona kujikunja, ikakatika pembeni mwa kiraka.

Kona ndizo zinazochoka kwanza. Moja au mbili hutengenezeka. Kona zikiwa zimeoza mvukuto mzima, gharama ya mpya au wa akiba ina maana kuliko kuunga viraka juu ya viraka. Kati ya mvukuto na fremu kuna ukanda wa ngozi au wa sponji unaozuia hewa. Ukishakauka na kubonyea hubadilishwa wote kwa unene mmoja, maana ukiunganishwa vipande, hewa hupita kwenye maungio. Matundu ya pini yaliyolegea hutiliwa kijiti cha kiberiti chenye gundi, na pini huingia tena kwa mshiko.

Kurudisha na kutunza

Ala hufungwa kwa kufuata picha na kadibodi ya pini nyuma mbele. Kabla ya pini zote kuingia, chache za pembeni huwekwa na jaribio la mwanzo hurudiwa: mvukuto huning'inizwa, kila kibonye hupigwa pande mbili, karatasi ya uchunguzi husomwa mstari kwa mstari. Kasoro mpya ambayo haikuwa kwenye karatasi mara nyingi husababishwa na kipande cha nta au uzi ulioangukia kwenye ufa wakati wa kazi, na hutoka kwa kufungua mara moja zaidi.

Baada ya hapo ni suala la mahali ala inapolala. Kodiani huhifadhiwa imesimama kwa miguu yake midogo, kama inavyokaa mapajani, ili vingozi vining'inie bila kuvutwa na uzito wake. Ikilazwa kwa uso kwa miezi, vingozi vya upande mmoja hujipinda. Hukaa ndani ya sanduku lake, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya maji vinavyokaushwa tena mara kwa mara. Msimu wa masika hudai uangalizi zaidi. Iliyotoka kupigwa usiku kucha hewani haifungiwi papo hapo ikiwa na umande. Huachwa chumbani ikauke, mvukuto ukivutwa na kubanwa taratibu mara kadhaa kwa kitufe cha hewa. Kupigwa mara kwa mara ndiyo dawa bora kuliko zote, kwa kuwa hewa inayopita husogeza ndimi kabla kutu haijashika na huvifanya vingozi vikae vikiwa laini. Kodiani isiyopigwa mwaka mzima Unguja au Mombasa huharibika zaidi ya ile inayofanya kazi kila wikiendi.